AFYA ISIWE RUNGU LA KUPIGANIA MPAKANI



Kila Kenya na Tanzania zinapokwaruzana kibiashara, sisi wa ughaibuni tunagawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Huku tunaitana manyang'au, kule tunaitana wavivu. Leo naomba utani tuuweke kando. Mimi ni muuguzi, nabeba maboksi yangu hapa Uingereza, na kuna tabia moja siwezi kuinyamazia: serikali zetu zikitaka kubaniana biashara zinavaa koti jeupe na kudai zinalinda afya ya wananchi.

Tazameni wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 2017 Tanzania iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa Namanga kutoka Kenya, kisa mafua ya ndege. Mei 2020 ikaja zamu ya korona. Kenya ikafunga mpaka kwa wasafiri na kuwapima madereva wa malori. Tanzania, ambayo ilikuwa imeacha kutangaza takwimu tangu Aprili 29, ikayakataa majibu ya vipimo hivyo. Madereva wakalala barabarani huku wakubwa wakirushiana maneno. Machi 5, 2021 Kenya ikapiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu. Siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti kuonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Sasa jamani, kama mahindi yote yalikuwa sumu siku ya Ijumaa, wiki iliyofuata yalipona kwa dawa gani? Na kama kudai cheti cha kila mzigo kuliwezekana, kwa nini hawakuanza na hilo?

Sisemi sumu kuvu ni uongo. Inaleta saratani ya ini, na ikiwa nyingi inaua haraka. Mwaka 2004 kule Ukambani waliugua watu 317, wakafa 125. Mahindi yale hayakuwa ya magendo kutoka kwa jirani. Mengi yalilimwa huko huko, yakawekwa ndani yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo ikaua watu Dodoma na Manyara. Kuvu haina pasipoti. Ukifunga Namanga, mama wa Makueni anabaki na mahindi yake yenye kuvu ghalani, na mama wa Kiteto anakula yale yaliyokataliwa. Umemlinda nani?

Wodini kwetu mgonjwa akikutwa na vijidudu sugu tunamtenga huyo, tunawapima wa vitanda vya jirani, tunaosha mikono. Hatufukuzi kila aliyetoka mji mmoja naye. Tungefanya hivyo, wagonjwa wangeanza kuficha dalili. Ndivyo inavyokuwa mpakani: ukifunga njia halali mzigo unapita porini, usiku, bila kupimwa na mtu yeyote.

Najua kuna atakayesema kila nchi ina haki ya kulinda watu wake. Kweli kabisa. Lakini nchi hizi zina Umoja wa Forodha tangu 2005 na Soko la Pamoja tangu 2010, na kiwango cha sumu kinachokubalika ni kimoja. Januari 2024 zilipogombania safari za ndege, mawaziri walizungumza na ugomvi ukaisha kabla zuio halijaanza kutumika. Ndege zina wenyewe. Mkulima wa gunia kumi na dereva wa lori nani anawapigia simu?

Ninachodai ni vitu vitatu. Kwanza, mzigo upimwe na timu ya pande zote mbili, na lori lenye sumu lirudishwe hilo peke yake. Pili, majibu yatangazwe, na yamfikie mkulima. Tatu, fedha ziende shambani kunakoanzia tatizo: maturubai ya kuanikia, vipima unyevu kijijini ili mahindi yasiingie ghalani yakiwa na zaidi ya asilimia 13.5, na mifuko ya kinga njaa kwa bei ya mkulima.

Waziri atakayefunga mpaka kwa jina la afya bila kufanya hayo, sisi tunaovaa sare za afya tumwambie wazi: avue koti letu, aseme anagombania soko.

Nawasilisha.