Acha Kununua Chupa, Mwaga Maji

Wasee, hii itaudhi watu lakini wacha niiseme. Samaki wengi wanaokufa kwa nyumba zetu hawauliwi na ugonjwa. Wanauliwa na uvivu wetu, halafu tunaenda dukani kununua uvivu mwingine ndani ya chupa.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo. Nilikuwa na tangi la lita 60, samaki wa dhahabu wanne ndani. Maji yanang'aa, unaona mpaka ukuta wa nyuma. Wakaanza kulala chini, chakula hawataki. Nikaenda duka fulani, muuzaji hakuniuliza hata swali moja, akanipatia chupa ya thao mbili. "Weka hii, maji itajisafisha." Wiki mbili baadaye wawili walikuwa wanaelea. Dadangu mdogo, ambaye ndiye aliwapa majina, akaniuliza waliugua nini. Nikamwambia siku zao zilifika.

Huo ulikuwa uongo. Nilipopima maji hatimaye, nitrati ilikuwa imefika mwisho wa kipimo, 160 kwa lita.

Sasa skizeni. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Kinyesi na chakula kilichobaki vikioza, amonia inaongezeka. Bakteria wa kwenye filta na changarawe wanaigeuza kuwa nitriti, wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti zinaua haraka. Nitrati inaua polepole, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Haina rangi, haina harufu. Na filta ya kawaida haiiondoi, filta ndiyo inaitengeneza! Kwa hivyo ukiniambia "lakini filta yangu ni kubwa" bado hujanijibu. Na ile chupa yangu? Ilikuwa ya kufunga amonia. Ilikuwa imeandikwa hivyo kwa kibandiko, mimi sikusoma.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na kila nikigusa sayansi kuna msee anataka kuona cheti. Sawa, leta kalamu. Tuseme tangi lako linaongeza miligramu 10 za nitrati kwa lita kila wiki. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, nitrati itapanda mpaka karibu 100 na kukaa hapo. Ukibadilisha nusu, itatulia kwenye 20. Wafugaji wengi hutaka isipite 20 hadi 40. Hesabu ni hiyo tu, na haiulizi cheti cha mtu.

Najua utasema nini: maji yenyewe ni ya mgao, unaniambia nimwage? Hiyo hoja naiheshimu, hata kwetu mfereji hukauka. Lakini nusu ya lita 60 ni jerikeni moja na nusu kwa wiki. Na usimwage kwa sinki. Nitrati ni mbolea, peleka hayo maji kwa gunia la sukuma wiki la mamako uone. Kama jerikeni moja na nusu ni nyingi, basi samaki ndio wengi. Punguza. Wanne kwa lita 60 lilikuwa kosa langu, na muuzaji aliyeniuzia wote wanne alijua.

Kama kipimo kiko juu sana, usibadilishe yote siku moja, samaki watashtuka. Toa robo kila baada ya siku mbili au tatu mpaka ishuke. Vuta uchafu wa kwenye changarawe kwa mpira. Lisha kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Osha sponji ya filta kwa maji ya tangi, si ya mfereji, klorini itaua bakteria. Maji mapya pia toa klorini kwanza. Dawa ya klorini ndiyo chupa pekee ninayoitetea. Halafu weka mimea inayokua haraka, nayo hula nitrati.

Lakini kabla ya yote, pima maji unayoyaweka. Yakiwa na nitrati tayari, hata ubadilishe kila siku haitashuka chini ya hapo. Na hapa tuache mambo ya samaki kidogo. Visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo vinaweza kuwa na nitrati nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwa maji ya kunywa, hasa kulinda watoto wachanga wanaochanganyiwa maziwa ya unga. Kuchemsha hakuiondoi, inazidi kukolea. Kwa hivyo kipimo cha samaki kikikuonyesha maji ya kisima yamepita 50, kabla ya kukimbilia tangi, muulize jirani mwenye mtoto anachanganya maziwa na maji gani.

Wawili waliobaki wangu wako hai, nitrati iko 20. Dadangu nilimwambia ukweli, kwamba ni mimi. Alinuna siku mbili. Sasa kila Jumamosi anabeba ndoo ndogo, mimi nabeba jerikeni. Wewe unangoja nani aelee ndio upime?