Kagua meno ya kijiko kabla ya kulipia saa

Ndugu mkulima, kiangazi ndipo wengi hukodi kijiko kuchimba bwawa la samaki au msingi wa ghala. Tunauliza bei ya saa, meno hatuyaangalii. Jino butu halichimbi, linakwaruza. Udongo wa Songea ukishakauka, saa zinaongezeka, dizeli inaungua, na anayelipa ni wewe.

Kwenye mitambo mingi jino hushikwa kwa pini. Pini ikigongwa kwa nyundo, jino la zamani hutoka, jipya huingia, bila kuchomelea. Ni kazi ya dakika chache. Mwenye mtambo hana sababu ya kukuletea meno yaliyoisha.

Ushauri wangu: yabadilishwe kwanza, au mpatane bei ya bwawa zima, si ya saa.