PETE YA MBAYUWAYU SI HIRIZI



Maneno yamekuwa mengi hapa kijijini tangu ile pete ilipoonekana katika nyavu za kwelea kwelea, kule kwenye matete ya bwawa. Wapo wasemao ni uchawi. Wapo wasemao ni upelelezi, eti mzungu anatuchungulia kupitia mguu wa ndege. Na yupo aliyeivua akamfunga mtoto mkononi ili asipatwe na degedege. Ndege mwenyewe hakuwa kwelea, alikuwa mbayuwayu, naye akaingia chunguni pamoja na wengine. Nambari hakuna aliyeinakili, na sasa imesagika haisomeki.

Sisi wa gazeti hili la ukutani tunasema waziwazi kwamba hiyo ni hasara, na ni hasara yetu wenyewe.

Pete ile ni kipande cha aluminiamu, haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Haina jicho wala sikio. Ina nambari, na jina la mji ambako habari zipelekwe: London, Moskwa, Helgoland, Radolfzell, Nairobi. Basi. Mtu huko alimkamata ndege kwa wavu mwembamba, akamshika taratibu shingo ikiwa kati ya vidole viwili, akampima, akamvisha pete, akaandika katika daftari lake, akamwachia. Kazi yake inaishia hapo. Nusu ya pili haifanyi yeye. Anaifanya yeyote atakayemwona ndege yule tena, awe mvuvi, mchungaji, au mwenye nyavu za kwelea kama sisi.

Na tusidhani sisi ni wageni katika kazi hii. Mwaka 1822 huko Ujerumani alipigwa korongo mwenye mkuki umemchoma shingoni, kiasi cha sentimita 80, mkuki wa Afrika. Bwana yule aliruka nao mpaka Ulaya! Siku zile wasomi wao walikuwa bado wanabishana ndege huenda wapi wakati wa baridi, wengine wakisema mbayuwayu hulala chini ya matope. Mkuki wa Mwafrika ukawa ushahidi. Korongo yule amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Pete zilikuja baadaye: mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za aluminiamu zenye nambari, na mwaka 1901 kikafunguliwa kituo cha ndege huko Rossitten, ufukweni mwa Bahari ya Baltiki. Vituo vya namna hiyo hupenda pwani, kwa sababu ndege wa safari huifuata pwani wakakusanyika, kama abiria stendi.

Sasa sikilizeni habari ya mbayuwayu. Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 alikamatwa ndani ya nyumba ya mkulima, Natal, Afrika Kusini. Habari ikaandikwa kwa barua, ikafika Uingereza. Hivyo ndivyo dunia ilivyopata hakika kwamba mbayuwayu wa Uingereza huvuka Afrika yote mpaka kusini. Wataalamu walikuwa na vitabu vingi, lakini jibu lilitoka nyumbani kwa mkulima. Je, angeifanya hirizi?

Jirani zetu Kenya wanaifanya kazi hii kwa bidii. Pale Ngulia, katika Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 hukamatwa ndege wa safari kila Novemba na Desemba, usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za hoteli zikiwavuta. Wameshavishwa pete zaidi ya laki nne. Wengine wamepatikana tena Saudi Arabia na Urusi. Katika laki zote hizo wanaopatikana tena ni wachache mno, ndiyo maana pete moja iliyopotea inatuuma.

Kuna mzee mmoja alituambia hivi: "Nyie vijana, kwelea wanamaliza uwele, watoto wanakesha duguni na makombeo, halafu mnatuhubiria mbayuwayu?" Shikamoo mzee, swali ni zuri. Mbayuwayu hagusi nafaka, chakula chake ni wadudu warukao. Na kwelea nao wanafahamika zaidi kwa kuwekewa alama. Hao kuvishwa pete mmoja mmoja ni kama kuhesabu mchanga, kwa hiyo miaka ya 1980 huko Ethiopia wataalamu walinyunyizia makundi yao unga wa rangi unaong'aa, wakatazama rangi ile inatokea wapi. Hawaji kwa kukisia. Mvua ikinyesha mbegu za majani huota, zikaisha kuwa chakula, nao huruka kwenda kulikonyesha mapema ambako majani yameshazaa mbegu mpya. Mkulima akijua hayo anajua kuuliza mvua ilianzia wapi mwaka huu.

Nyavu hatuzipingi hata kidogo. Ndugu zetu wa Kondoa wanakula kwelea tangu zamani kwa mitego yao ya kusuka, na kitoweo ni kitoweo. Tena wavu ni bora kuliko sumu, maana sumu haichagui: bundi na mwewe wanaokula kwelea walionyunyiziwa hufa nao. (Na narudia tuliyosema msimu uliopita: kwelea wa sumu haokotwi, haliwi, hata akiwa amenona namna gani.) Mwenye wavu anaweza kumtazama kila ndege kabla hajamvunja shingo. Basi amtazame.

Tunapendekeza hivi kwa mkutano wa wanachama. Asiye kwelea aachiwe pale pale. Ndege mwenye pete aliye hai pete isivuliwe. Isomwe yote, herufi na nambari, kisha aruke. Aliyekufa, pete iletwe. Wenye simu wapige picha pande zote. Iandikwe tarehe, mahali, na ndege alikuwa hai au mfu. Katibu atapeleka habari kwa anwani iliyo kwenye pete, na wenye pete huwa wanajibu: ndege alivishwa wapi, lini, akiwa na umri gani. Jibu likija tutalibandika hapa ukutani, lisomwe na watoto wa shule.

Daftari liko ghalani, juu ya mzani. Penseli imefungwa kwa kamba. Tunaomba ibaki hapo.