Gitaa la Mbao Lisinyang'anywe Sauti Yake

Ukipita Juja usiku wa Jumamosi utalisikia gitaa kabla hujamwona mpigaji. Mugithi umetanda kando ya barabara ya Thika: mtu mmoja, gitaa moja la mbao lililotiwa waya, na wachezaji wamefuatana kama mabehewa, kwani mugithi kwa Kikuyu ni garimoshi. Mimi mtu wa pwani, niliyelelewa na udi na kanuni, sina ugomvi na ngoma hiyo. Ugomvi wangu ni na sauti.

Chuoni tulifundishwa kwamba kila herufi ina mahali pake pa kutokea kinywani. Ukiitoa pasipo pake, maana huharibika. Uzi wa gitaa nao ni vivyo hivyo. Jean Bosco Mwenda, aliporekodiwa na Hugh Tracey kule Kongo mwaka 1952, hakuwa na umeme, na kidole gumba chake chasikika mbali na cha shahada. Fundi Konde wetu wa pwani alishika la umeme, likabaki safi kama maji ya kisima.

Sasa wenye mabaa huchomeka gitaa la mbao katika amplifaya ya gitaa la umeme, tukapata sauti ya bati. Si uchawi. Spika yake ya inchi 12 hufifia baada ya mitetemo kama 5,000 kwa sekunde, na mng'aro wa mbao umo juu ya hapo. Tena kile kijipande kilichofichwa chini ya daraja la nyuzi hupoteza besi kikiungwa moja kwa moja na mtambo usiolingana nacho. Chataka kikuza sauti kidogo cha kukitangulia. Kisha waya uingie kwenye mtambo ule ule wa kipaza sauti cha mwimbaji, wenye spika kubwa na ndogo pamoja.

Na anayetaka joto la umeme? Aweke sumaku kwenye tundu la gitaa, waya wake uende peke yake kwenye amplifaya, nguvu ya kuingilia ikiwa chini. Achanganye, mbao ikitangulia. Mchanganyiko ukisikika mtupu, kama debe, mawimbi yanapingana. Ageuze swichi ya upande mmoja.

Wako watakaosema mlevi hajui tofauti. Sikubali. Mlevi huyo huyo hunyamaza mwimbaji anapotaja jina la kijiji chake, ila kwanza alisikie.