Sahani ya Hela mbona hatuichori?

Hebu tafuta "Hela" kwa simu yako. Si hela za mfukoni, hizo hata sisi tunazitafuta. Huyu ni mungu wa kike wa kifo katika hadithi za kale za kaskazini mwa Ulaya, na jina lake la asili ni Hel. Utampata Cate Blanchett kwenye filamu ya Thor: Ragnarok ya 2017, nguo nyeusi imembana, pembe zimetanda kichwani kama matawi ya mgunga uliokauka. Utampata pia kwenye gemu ya Hellblade: Senua's Sacrifice ya mwaka huo huo, jitu la kike ambalo nusu ya mwili imeungua. Kisha michoro ya mashabiki, mingi hadi uchoke. Kama una rafiki Kitui mjini au Wote anayechora kwa simu, huenda naye ana wake.

Hatuna neno na hilo. Mzazi akiona fuvu kwenye daftari lako asikimbilie kusema ni ushetani. Watu wa Ukambani wamesimangwa vya kutosha kuhusu uchawi, wasianze kusimangana wenyewe kwa sababu ya penseli.

Neno letu ni kuhusu kile kinachoachwa nje. Pembe zile si za kale. Zilitoka kwenye katuni za Marvel miaka ya 1960, mkononi mwa mchoraji Jack Kirby. Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeandika hadithi hizi karne ya 13, hakutaja pembe. Alisema nusu ya Hel ina rangi ya mwili na nusu ni samawati iliyokoza hadi weusi. Alisema anawapokea waliokufa kwa ugonjwa na uzee, yaani watu wa kawaida, si mashujaa wa vita. Na mezani pake, sahani inaitwa Njaa. Kisu nacho kina jina lenye maana iyo hiyo.

Sasa wewe wa Kitui au Makueni, unahitaji kuelezewa hapo?

Kwenu njaa zina majina. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilitapakaa kila mahali. Ya miaka ya 1980 ikaitwa Nikwa Ngwete, yaani nitakufa nikiwa nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Watu walikuwa na noti mkononi na chakula cha kununua hakuna. (Hela, tena.) Wazee wengi hawana tarehe ya kuzaliwa, wana njaa waliyozaliwa nayo. Na hata ile misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 umeiona kwa macho yako, sijui kama imeshapewa jina kijijini kwenu.

Ndiyo maana inatuudhi kidogo kuona kijana mwenye kipaji akinakili pembe za Blanchett kwa mara ya mia, kila unywele umekaa sawa, na ile sahani haipo. Hollywood iliiacha kwa sababu njaa haiuzi tiketi. Wewe umeiacha kwa sababu gani? Mchoraji wa Los Angeles akitaka kuchora sahani inayoitwa Njaa itabidi akisie. Wewe unaweza kuuliza mtu jikoni.

Kwa hivyo kabla hujafungua programu ya kuchora wikendi hii, mpigie susu wako. Muulize alizaliwa yua gani, waliuza nini kwanza, mbuzi au mlango, na duka lilikuwaje siku ile noti zilipokosa kazi. Muulize mikono ya mamake ilikuwaje. Kisha mchore Hel wako. Ukitaka bado kumwekea pembe, mwekee, lakini mezani weka kitu.