Muvi ya Hazina ya Mjerumani: Naomba Sanduku Lisifunguke

Leo siongelei nani kamwacha nani. Hilo tutarudi nalo. Leo tuongee muvi, ingawa mwisho wake unagusa mifuko ya watu, tena wengine ni wazazi wetu.

Iko hivi. Staa mmoja wa filamu zetu, jina kapuni, juzi kati alionekana Matema, kule ufukweni Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela. Picha zikasambaa, watu wakaanza, "oo, kaenda fungate, yuko na nani?" Hakuna fungate pale. Alikuwa anatafuta lokesheni. Mtu aliyekuwa kwenye msafara kanipenyezea stori nzima. Vijana watatu wa mjini wanapata ramani ya zamani. Wanashuka Kyela kutafuta dhahabu iliyofukiwa na Wajerumani. Wanaanza kuogopana, wanasalitiana, wawili wanakufa. Dakika ya mwisho yule aliyebaki anavunja kufuli la sanduku, mwanga wa dhahabu unampiga usoni, muziki unapanda. Mwisho.

Bonge la stori, sikatai. Muvi za namna hii tumezizoea. Tumekua tunaziangalia kwenye vibanda umiza, zimetafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja anayeigiza watu wote hadi farasi: jangwa, majambazi, ramani, tamaa, risasi. Mi mwenyewe nazipenda. Tatizo langu ni hizo dakika mbili za mwisho. Mi ni wa Kyela, na familia yetu imeshalipia dakika mbili hizo kwa hela taslimu.

Ngoja niwape mkasa.

Ba'mdogo wangu alikuwa na eka moja ya kakao, aliachiwa na babu. Mwaka 2021 akaja jamaa mmoja, mpole, kanzu safi, kalamu mfukoni. Akajiita fundi. Akamwambia kuna mzigo wa Mjerumani karibu na mto, masanduku saba, na mizimu imeshamchagua yeye Ba'mdogo auchukue. Ila asimwambie mtu. Hata mama mdogo asijue, maana mwanamke akijua, mali inahama.

Hapo ndipo mchezo wote ulipo, wadau. Ile siri. Mkeo angesikia angeuliza swali moja tu: "Sasa kama anajua ilipo, kwa nini asichimbe mwenyewe?"

Ikaanza hela ya kondoo mweusi. Ikaja hela ya mashine ya kupimia madini. Ikaja hela ya kibali, kibali chenyewe hakijulikani cha ofisi gani. Ikaja hela ya nauli ya mnunuzi, eti yuko ng'ambo Karonga, anasubiri kuvuka Kasumulu na mabegi ya dola. Wakachimba usiku. Sasa nyie mnaoijua Kyela mnajua kule si jangwani. Ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko nyingi nchini, bondeni kule ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Siku ya tatu shimo likajaa. Fundi akasema hayo si maji, ni ulinzi wa Mjerumani, inahitajika dawa kubwa zaidi. Ba'mdogo akauza ile eka.

Usiku wa mwisho wakatokea watu wanne na tochi wakisema ni askari. Kila mtu akakimbia njia yake. Fundi hajaonekana tena. Na wale askari, baadaye tukaja kuelewa, walikuwa askari kama mimi nilivyo rubani.

Mzee alikaa miezi bila kutuambia. Mama mdogo alikuja kujua shamba halipo siku alipokwenda kuvuna akakuta watu wengine wanavuna. Kampigia baba simu, hakulia wala kupiga kelele, kauliza tu, "Shemeji, hili shamba mlikubaliana lini?"

Sasa mtaniambia, "Lakini Wajerumani si walikuwepo kweli?" Walikuwepo. Uongo mtamu haujengwi hewani, lazima uwe na tofali za kweli.

Mwaka 1893 Wajerumani walishaingiza ziwani meli yao ya moshi, Hermann von Wissmann. Wakajenga kituo ufukweni chini ya Milima ya Livingstone, wakakiita Langenburg, baadaye wakahamia juu kwenye baridi, Tukuyu ya leo, wakaiita Langenburg Mpya. Agosti 13, 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ikaifuata Wissmann kule Liuli, ikaikuta imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, ikaichapa mizinga. Nahodha wa Kijerumani hata habari za vita alikuwa hajazipata. Hiyo peke yake ni muvi! Mei 1916 Waingereza wakaichukua Langenburg Mpya, Wajerumani wakaondoka kwa haraka. Hapo ndipo hadithi inapopenyea: waliondoka haraka, kwa hiyo walifukia.

Na dhahabu? Nayo ilikuwepo. Mwaka huohuo 1916 Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, ina picha ya tembo, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke kule Singida. Ni sarafu halisi, wakusanyaji wa vitu vya kale duniani wanainunua kwa maelfu ya dola.

Ila sasa tupige hesabu ambayo fundi hapendi tuipige. Sarafu zile zilitengenezwa kama 16,000 tu. Kila moja ina gramu saba na kidogo. Zote kwa pamoja, yaani zote zilizowahi kutoka pale Tabora, hazifiki kilo 120. Ni gunia moja la mchele na debe juu yake. Gunia hilo ndilo lijaze masanduku saba kwa Ba'mdogo, na masanduku mengine Tukuyu, na mengine Songea, na mengine Lushoto, maana kila nilipofika Tanzania hii nimekuta kijiji chenye mzigo wa Mjerumani.

Halafu zilitengenezwa Tabora, mamia ya kilomita kutoka Ziwa Nyasa, mwaka uleule ambao Langenburg Mpya inaanguka. Nani alizibeba, kwa njia gani, azilete mahali adui anapoingilia? Na serikali yenyewe ilikuwa imefulia. Meli za kuleta hela zilishazuiwa na Waingereza baharini. Ikawa inachapa noti za dharura humuhumu nchini, na palepale Tabora inatengeneza sarafu za heller kwa shaba na vyuma chakavu, vikiwemo maganda ya risasi. Mtu anayeyeyusha maganda ya risasi apate chenji, atasahau masanduku saba ya dhahabu mtoni?

Tukumbuke na sheria pia. Tangu mwaka 1964 Sheria ya Mambo ya Kale inakataza kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni. Kwa hiyo hata muujiza ungetokea, usingetoka pale na begi lako ukapanda bajaji.

Sasa turudi kwa staa wetu. Najua mtakachosema: "Acha kukaza, muvi ni muvi, mbona hatulaumu muvi za kivita?" Haki yenu. Lakini Kyela hakuna mtu anayekuja nyumbani kwenu kukuuzia vita. Hazina inauzwa mlango kwa mlango. Fundi hana dhahabu, hana ramani, hana mnunuzi Karonga. Bidhaa yake ni ile picha moja ya sanduku linafunguka, na kila muvi inayomalizia hivyo inamfanyia tangazo la bure. Kesho atakuja kwa mzee mwingine na simu mkononi: "Tazama mzee, hata kwenye filamu wameonyesha, tena wamepiga hapahapa Matema."

Na kumbukeni tamaa hii ikianza na kondoo haiishii kwa kondoo siku zote. Nchi hii tumeshazika watoto na watu wazima wenye ualbino kwa sababu mtu fulani aliambiwa kafara ndogo haitoshi. Siwezi kuliona hilo kama burudani.

Wala sisemi asifanye muvi. Afanye! Nasema aimalize kiume. Kuna muvi ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya mwaka 1948, The Treasure of the Sierra Madre, ya muongozaji John Huston. Watu watatu wanatafuta dhahabu kwenye milima mikavu ya Mexico, na kweli wanaipata. Tamaa inawala mmoja mmoja. Mwisho majambazi wanamuua mmoja wao, wanaona vumbi la dhahabu kwenye mifuko, wanadhani ni mchanga tu, wanalimwaga. Upepo unalipeperusha lote. Wawili waliobaki wanacheka mpaka basi. Ina zaidi ya miaka sabini na bado watu wanaizungumzia, na hakuna anayetoka pale akitamani kwenda kuchimba.

Sisi tuna mwisho mkali kuliko huo na hauhitaji jangwa. Shimo limejaa maji. Mzee amekaa pembeni na koleo. Kwa mbali mlio wa pikipiki ya fundi unapotea barabarani. Halafu kamera inaingia ndani, mama anahesabu hela za mchele aone kama ada ya mtoto itatimia. Zima taa, watu watoke ukumbini kimya.

Na kuna mwisho wa pili, huu haukuandikwa na mtu. Mwaka 2024, miaka mitatu tu baada ya Ba'mdogo kuuza ile eka, bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, zaidi ya mara tatu ya ilivyokuwa alipouza. Najua bei hupanda na kushuka, lakini mwaka ule Kyela watu waliezeka nyumba, wakanunua pikipiki, wakalipa madeni. Ba'mdogo alikuwa kibarua wa kuvunja maganda kwenye shamba la jirani. Siku moja nilikuwa naye, akaokota ganda moja la njano, akaligeuzageuza mkononi, akasema, "Mwanangu, rangi yenyewe ndiyo hii." Sikuwa na la kumjibu. Nilimsaidia kubeba ndoo tu.

Kwa hiyo ujumbe wangu kwa staa wetu, najua huwa anapita humu kimyakimya kusoma anasemwaje: Dada, Matema umechagua vizuri. Milima inashuka mpaka majini, vyungu vya Wakisi vimepangwa sokoni, mawio yake hayahitaji taa. Wacha watatu wako wasalitiane, wacha wafe. Ila ukifika kwenye lile sanduku, mwambie mwandishi wako aliache chini ya tope. Na ukitaka mtu wa kukueleza usiku wa wale askari wa tochi ulivyokuwa, mi ninaye. Sasa hivi anasimulia mwenyewe, tena anacheka kidogo, mama mdogo akiwa amekaa pembeni anamsahihisha tarehe.

Haya wadau, na kwenu kuna mzigo wa Mjerumani? Nani alipigwa, na alipigwaje? Tiririkeni hapo chini, majina tuyaache kapuni. Kuna mzee mahali fulani leo kaambiwa asimwambie mkewe, na pengine mtoto wake anasoma hapa.