TAHARIRI: Makapi ya Mkonge na Nyumba ya Maskini



Mkonge uliletwa nchini mwetu na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Tangu hapo jasho la watu wengi limemwagika katika mashamba ya Tanga, Kigombe ikiwamo. Lakini katika kila kilo 100 za majani yanayopita kwenye korona, singa hazizidi kilo 5. Zinazobaki ni makapi na maji makali, ambayo yakiingia mtoni huwanyima samaki hewa.

Wakati huohuo, mkata mkonge anayetamani nyumba ya kudumu anaambiwa asikate mikoko kuchomea matofali, wala asivunje matumbawe kupata chokaa. Makatazo hayo ni ya haki, kwani tangu mwaka 2009 mwambao huu umo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Hata hivyo, kumkataza maskini bila kumwonyesha njia nyingine ni nusu ya haki.

Njia moja imo katika makapi yenyewe. Yakikaushwa, yakakatwakatwa na kuchanganywa na udongo wa mfinyanzi, huwaka ndani ya tofali na kulisaidia kuiva, kuni hupungua. Lakini kipimo ni lazima. Kila kapi linapoungua huacha tundu, na matundu yakizidi tofali huwa dhaifu. Tuanze na makapi machache, tuchome matofali ya majaribio, kisha tuyaloweke siku nzima na kuyagonga. Lililoiva hulia kama chuma; bovu humomonyoka. Udongo wenye chumvi ya bahari tuuepuke.

Wala si kila taka ya kiwandani yafaa. Betri, mafuta machafu na masalia ya ngozi yana sumu; yasiingie kamwe katika tanuru zetu.

Tunaonya jambo jingine. Takataka ikipata thamani, hupata wenyewe. Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa walei waunde vikundi, waombe ushauri wa SIDO mkoani, na wapatane na wenye mashamba kwa maandishi, kabla tofali la kwanza halijauzwa. Wanawake, ambao mara nyingi ndio wachotaji wa maji ya kufyatulia, wawemo katika mapatano na katika mgawo.

Haifai mikono iliyozalisha utajiri wa mkonge kwa zaidi ya miaka 100 iendelee kulala chini ya paa linalovuja. Haki na ianzie kwenye tofali.